Bei Mbili za Gari la Malazi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukodi Gari kwa Likizo ya Nje ya Nchi

Mada iliyotolewa katika semina ya elimu kwa mlaji kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo

 

Nawashukuru kwa kuialika ofisi yetu. Katika barua yenu mlieleza kwamba baadhi yenu wameweka akiba kwa miaka kadhaa ili familia zao zisafiri pamoja mwezi wa Desemba, na kwamba safari inayozungumzwa zaidi ni ile ya kuanzia Cape Town, Afrika Kusini, kwenda Windhoek, Namibia, kwa gari la malazi. Kwa jina hilo tunakusudia gari ambalo ndani yake mna vitanda, jiko, jokofu na mara nyingi choo, ambalo familia huliendesha mchana na kulala humo usiku.

Sikuja kuwavunja moyo. Safari hiyo ni nzuri, na kwa Mtanzania ina unafuu ambao haupatikani katika sehemu kubwa ya Ulaya wala Marekani. Afrika Kusini na Namibia, kama sisi, huendesha magari upande wa kushoto. Barabara kuu kutoka Cape Town hadi mpakani, kwenye Mto Orange, ni ya lami kwa takriban kilomita 700, na kutoka hapo hadi Windhoek lami huendelea kwa takriban kilomita 800. Randi ya Afrika Kusini hupokelewa Namibia kwa thamani moja na dola ya Namibia, ingawa dola ya Namibia haipokelewi hivyo Afrika Kusini. Kwa hiyo itumieni kabla ya kurudi.

Nimekuja kuzungumzia jambo moja. Gari la malazi lina bei mbili. Bei ya kwanza ni kodi ya kila siku, na hiyo huandikwa kwa herufi kubwa. Bei ya pili ni kiasi cha hasara utakachobeba wewe mwenyewe gari likiharibika, na hiyo imo ndani ya mkataba. Wengi wetu hulinganisha bei ya kwanza na kutia saini juu ya bei ya pili.

Nasema hivyo kwa sababu yalitukuta.

Yaliyotukuta

Miaka minne iliyopita Baba Mdogo alistaafu. Kabla ya kumaliza nyumba yake alisema kwamba angependa kusafiri na wanawe walau mara moja, nami nikaalikwa. Nilikuwa nimehitimu shahada ya sheria muda mfupi kabla ya hapo, na familia ikanikabidhi kazi ya kutafuta gari. Nilitafuta kwa bidii, nikapata kampuni iliyotoza kodi ya chini kuliko nyingine zote, nikapongezwa.

Tulipofika kuchukua gari ilikuwa alasiri, watoto wamechoka, na nyuma yetu wateja wengine wanasubiri. Baba Mdogo alipewa mkataba wa kurasa nyingi, akanitazama kama mtu anayemtazama mtaalamu wake. Nikaufunua haraka, nikasema, "Ni masharti ya kawaida tu." Akatia saini ukurasa mmoja mmoja.

Siku ya nne tuliiacha lami kusini mwa Namibia, tukashika njia ya changarawe kuelekea Hobas, mahali pa kulitazama bonde kuu la Fish River Canyon. Njia ilikuwa pana na tupu, nasi hatukuwa na haraka. Kwenye kona moja magurudumu ya nyuma yaliteleza, gari likatoka njiani na kugonga tuta la mawe. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini tangi la maji lililo chini ya sakafu lilipasuka na ekseli ya nyuma ikapinda. Gari lilivutwa hadi Keetmanshoop, na likizo yetu ikaishia hapo.

Hatukuhangaika sana, kwa kuwa tulilipia bima. Ndipo kampuni ilipotuonyesha ukurasa wa tisa: gari la aina ile halikuruhusiwa kwenye barabara isiyo na lami, isipokuwa kipande kifupi cha kuingilia kambini, na mteja akikiuka sharti hilo kinga yote hufutika. Maneno yalikuwa wazi, na chini yake palikuwa na saini ya Baba Mdogo. Dhamana yote tuliyoweka ikachukuliwa, na deni likabaki.

Deni hilo lililipwa kwa kiinua mgongo chake. Nyumba yake ilikaa msimu mzima wa mvua bila kuezekwa. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalonifanya nisimame mbele yenu leo.

Bei ya pili hufanyaje kazi?

Wengi hudhani kwamba bima iliyomo ndani ya kodi hulipa kila hasara. Sivyo. Kwa kawaida mkataba hutaja kiasi ambacho mteja atalipa kwanza, na bima hulipa kinachozidi. Uharibifu ukiwa mdogo kuliko kiasi hicho, mteja hulipa wote peke yake.

Tuchukue mfano wa hesabu, si bei za kampuni yoyote. Kampuni ya kwanza inatoza randi 1,500 kwa siku, na mteja hubeba hasara hadi randi 45,000. Kampuni ya pili inatoza randi 1,900 kwa siku, na mteja hubeba hadi randi 10,000. Kwa siku 14, ya kwanza ni randi 21,000, na ya pili ni randi 26,600. Ukitazama kodi peke yake, ya kwanza ina nafuu ya randi 5,600. Lakini ukigonga nguzo siku ya kwanza na uharibifu ukawa randi 45,000, ya kwanza itakugharimu randi 66,000 na ya pili randi 36,600. Swali la kujiuliza, basi, si "Gari lipi ni rahisi?" Jiulize, "Likitokea la kutokea, nina uwezo wa kulipa kiasi gani bila kuuza kiwanja au kumtoa mtoto shule?"

Kampuni nyingi huuza nyongeza ya kila siku inayopunguza bei ya pili, wakati mwingine hadi sifuri. Nyongeza hiyo yaweza kuwa na faida, lakini sifuri hiyo nayo ina mipaka. Mara nyingi haihusu matairi, kioo cha mbele, sehemu ya chini ya gari, paa, uharibifu wa maji au mchanga, kutia mafuta yasiyofaa, wala ajali ambayo hakuna gari jingine lililohusika. Magari haya ni marefu kwenda juu, na dereva aliyezoea gari dogo husahau urefu huo anapopita chini ya tawi la mti au paa la kituo cha mafuta. Paa likipasuka na paa halimo katika kinga, nyongeza uliyoilipia haitakusaidia.

Mambo yanayoifuta kinga

Yapo makosa ambayo hayapunguzi kinga tu bali huiondoa yote. Yaliyo ya kawaida ni haya: dereva ambaye jina lake halimo katika mkataba, dereva aliyekunywa pombe, kuvuka mpaka bila idhini ya kampuni, kupita barabara iliyokatazwa, na kuzidi mwendo uliowekwa. Mikataba mingi ya Namibia huweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwenye changarawe, na magari mengi yana kifaa kinachorekodi mwendo. Huwezi kusema ulikuwa ukienda polepole ikiwa kifaa kinasema vinginevyo.

Kuhusu barabara, tazameni ramani kabla ya kuchagua gari. Barabara kuu za Namibia zina lami, lakini sehemu kubwa ya njia zinazokwenda kwenye vivutio ni za changarawe. Machuga ya Sossusvlei ni mfano mzuri. Kutoka Sesriem kuingia hifadhini kuna lami ya takriban kilomita 60, lakini ili uifikie Sesriem yenyewe hupita changarawe, na kilomita 5 za mwisho ni mchanga unaohitaji gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne. Ikiwa mkataba wa gari lako unakataza changarawe, basi umekodi gari lisiloweza kukufikisha unakotaka. Chagueni gari jingine, kwa mfano pikapu yenye hema juu ya paa iliyoruhusiwa kwenye njia hizo, au bakini kwenye lami na mnunue safari ya siku moja ya kwenda huko na mwenyeji mwenye gari lake.

Kuhusu mpaka, si kila gari lililokodiwa Afrika Kusini huruhusiwa kutoka nje ya nchi hiyo. Ombeni barua ya idhini ya mwenye gari pamoja na nakala iliyothibitishwa ya kadi ya usajili, na mhakikishe namba zake zinafanana na za gari mlilopewa. Mkiingia Namibia mtalipa tozo ya magari ya kigeni. Tunzeni risiti yake, kwa sababu huweza kuulizwa njiani.

Kuhusu leseni, ulizeni uzito wa juu wa gari kama ulivyoandikwa katika hati zake. Nchini Afrika Kusini, gari linalozidi kilogramu 3,500 halimo katika daraja la leseni ya magari madogo. Baadhi ya magari makubwa ya malazi huukaribia au kuuvuka uzito huo, na dereva asiye na daraja linalotakiwa huhesabiwa kuwa hana leseni.

Dhamana na kadi

Hapa ndipo Watanzania wengi hukwama kaunta. Kampuni nyingi hudai dhamana ishikiliwe kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu. Kadi nyingi tulizo nazo ni zile zinazokata fedha moja kwa moja kutoka akaunti, na kampuni nyingine haizikubali, au huzikubali kwa sharti la kununua nyongeza iliyo ghali zaidi. Ulizeni kwa maandishi kabla ya kulipia nauli ya ndege.

Fahamuni pia kwamba fedha iliyoshikiliwa si yako tena kwa muda huo, hata kama haijachukuliwa. Ikiwa akaunti hiyo ndiyo mliyoitegemea kwa chakula na mafuta, mtajikuta mna fedha msiyoweza kuitumia. Na dhamana ikikatwa kisha ikarudishwa, mabadiliko ya thamani ya shilingi yaweza kuipunguza ingawa randi zimerudi zote.

Jambo jingine: Afrika Kusini na Namibia kila moja ina mfuko wa umma unaogharimiwa na tozo ya mafuta kwa ajili ya watu wanaoumia katika ajali za barabarani. Mifuko hiyo ina mipaka yake, na hailipi uharibifu wa gari. Msiihesabu kuwa bima ya gari, wala msiifanye kisingizio cha kuacha bima ya matibabu ya safari.

Sheria inakulinda kiasi gani?

Sheria ya Kulinda Walaji ya Afrika Kusini, namba 68 ya mwaka 2008, ina vifungu viwili vinavyotuhusu. Kifungu cha 49 kinataka sharti lolote linalompunguzia mfanyabiashara wajibu au kumtwika mteja hatari liandikwe kwa lugha nyepesi, lionyeshwe kwa namna inayoonekana, na mteja apewe nafasi ya kutosha kulielewa. Kifungu cha 17 kinampa mteja haki ya kufuta nafasi aliyoiweka mapema. Kampuni yaweza kutoza gharama ya kufuta, lakini iwe ya haki. Na haiwezi kuitoza ikiwa safari imeshindikana kwa sababu aliyewekewa nafasi amefariki au amelazwa hospitalini.

Hata hivyo, kifungu cha 49 hakikutuokoa sisi. Sharti lilikuwa wazi, nafasi ya kusoma ilikuwepo, nasi hatukuitumia. Sheria humlinda aliyefichwa. Ni vigumu kumlinda aliyeonyeshwa akafumba macho.

Kilichotusaidia kidogo ni karatasi. Katika deni tulilodaiwa kulikuwa na gharama za matengenezo, gharama za kuvuta gari, na fidia ya siku 21 ambazo gari lilisemekana halikufanya biashara. Nikaandika barua kuomba ankara ya fundi, risiti ya gari la kuvuta, na uthibitisho wa wateja waliokosa gari katika siku hizo. Ankara na risiti zikaja. Uthibitisho haukuja, na baada ya barua ya tatu kampuni ikaiondoa fidia hiyo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata deni ni vivyo hivyo, usilipe lisilo na daftari.

Ni wajibu wangu kuwaambia pia mipaka ya ofisi yetu. Hatuna mamlaka ya kuiamuru kampuni iliyoko Cape Town irudishe fedha. Malalamiko dhidi yake hupelekwa kwanza kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, kisha kwa vyombo vya walaji vya nchi hiyo. Lakini ikiwa mmeweka nafasi kupitia wakala aliyeko Tanzania, hali ni tofauti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Wakala aliyewaambia kwamba bima ni kamili, ilhali sivyo, ana jambo la kujibu hapa nyumbani. Kwa hiyo mwambieni aandike ahadi zake, awaonyeshe leseni yake, na malipo yaende kwenye akaunti ya kampuni, si ya mtu binafsi.

Siku ya kuchukua gari

Msipange kuchukua gari siku ile ile mnayoshuka kutoka kwenye ndege, ikiwa mnaweza kulala mjini usiku mmoja. Mwili uliochoka hausomi mkataba. Ombeni mkataba utumwe kwa barua pepe wiki mbili kabla, mtu mmoja ausome wote, na mwingine ausome tena.

Mbele ya mfanyakazi wa kampuni, pigeni picha za gari pande zote, paa, matairi, tairi la akiba, kioo cha mbele na chini ya gari. Pigeni picha pia ya dashibodi inayoonyesha kilomita na mafuta. Washeni jiko, fungueni mabomba, jaribuni jokofu na taa. Ulizeni tangi la maji machafu humwagwa wapi, mtungi wa gesi hufungwaje wakati wa mwendo, na jeki iko wapi. Kila kasoro iandikwe kwenye fomu kabla ya saini. Siku ya kurudisha, fanyeni hivyo hivyo, na msiondoke bila karatasi inayosema gari limepokelewa katika hali gani. Mkirudisha gari ofisi zikiwa zimefungwa, kasoro itakayoonekana kesho yake itasemwa kuwa ni yenu.

Barabarani, msisafiri usiku. Wanyama huvuka barabara giza likiingia, na mikataba kadhaa huikataza safari ya usiku nje ya miji.

Maswali saba ya kuuliza kwa maandishi

1. Gari likiharibika, nitalipa kiasi gani mwenyewe, na je, kiasi hicho ni kwa kila tukio?
2. Ni sehemu zipi za gari ambazo hazimo katika kinga hata nikinunua nyongeza?
3. Ni barabara zipi zimekatazwa, na mwendo wa juu unaoruhusiwa ni upi?
4. Je, naruhusiwa kuvuka mpaka, na nani ataandaa hati?
5. Dhamana ni kiasi gani, itashikiliwa kwenye kadi ya aina gani, na itaachiliwa baada ya siku ngapi?
6. Gari likiharibika njiani bila kosa langu, nani atalipia gari la kuvuta, malazi na siku nilizopoteza?
7. Nikifuta safari, nitarudishiwa kiasi gani?

Kampuni inayojibu maswali haya kwa maandishi na bila kuzungusha, hata kama kodi yake iko juu kidogo, imekwisha kuwapa kitu cha thamani. Inayojibu kwa simu tu na kusema msiwe na wasiwasi, hiyo ndiyo ya kuwatia wasiwasi.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie pale nilipoanzia. Mwaka jana Baba Mdogo alisafiri tena na wanawe, kwa gari jingine, kwa njia ya lami mwanzo hadi mwisho. Safari hii mkataba aliusoma mwenyewe, mezani kwake, chini ya bati lake, kwa miwani na kalamu nyekundu. Alinipigia simu mara mbili kuniuliza maana ya vifungu. Cha pili sikukijua, nikamwomba muda nikakisome kwanza. Akacheka, akasema sasa nimekuwa mwanasheria.